Kamera ya Feti na Kamera ya Kilio

Kwenye avenyu yetu, kule Katuba, katika mji wa shaba wa Katanga, mtu hakuuliza nani amekufa wala nani anaoa. Aliangalia shingo ya Papa Foto.

Ikining'inia kamera ya rangi ya fedha, ile ya feti, yaani ya sherehe, wanawake walianza kushauriana watavaa nini. Ikining'inia nyeusi, ile ya kilio, walijifunga vitenge kiunoni na kuulizana kwa sauti ya chini, "Kwa nani?" Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa wazazi wangu, ikitazamana na lango lake, na kwa miaka mingi nilipanga kazi zangu kwa kufuata shingo ile. Ya fedha ilimaanisha magauni. Nyeusi ilimaanisha kwamba kabla ya saa sita mchana shangazi wa marehemu angefika na bunda la kitambaa, akitaka nguo kumi na tano za sare zimalizike kesho, na kununa nikimwambia nina mikono miwili tu.

Jina alikuwa nalo, ila lilikaa kwenye makaratasi. Mke wake, padri, hata mtoto wa jirani aliyeanza kusema jana, wote walimwita Papa Foto. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kutembea polepole kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, na alivaa kizibao cha kaki chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyomiliki. Ndani ya mifuko mlikuwa na kitana, kopo dogo la poda, pini, na tai nyekundu moja ya kuwavalisha wanaume wanaohitaji picha ya faili. Hiyo tai nitairudia. Nikianza na kitu kingine kabla ya kamera, Papa Foto atanikasirikia hata huko aliko.

Kamera zote mbili zilikuwa ndogo, za dijitali, za kuingia mfukoni. Zote alizinunua siku moja kwa mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la jumla mjini, mtu wa kuombea mzigo kabla ya kuuuza. Papa Foto alinisimulia kwamba yule bwana alishika moja kila mkono, akafumba macho, akamwomba Mungu azilinde na vumbi la Katanga, kisha akafumbua macho na kusema garanti ndiyo hiyo, nyingine hakuna.

Ya fedha ilitumia betri za kawaida, zile za redio, zinazopatikana hata kwa muuza karanga. Lenzi yake ilitoka nje kama kichwa cha kobe na kuvuta watu wa mbali wakawa karibu. Flashi yake ilikuwa kali hivi kwamba bibi harusi mmoja alimwomba aipunguze, ndoa bado anataka kuiona. Nyeusi ilikuwa na betri yake yenyewe, bapa, isiyouzwa popote, na ilitaka umeme. Na umeme wetu kila mtu anaujua. Ilichelewa kuamka. Mbali haikufika. Lakini ukiingia nayo chumbani, mapazia yamefungwa, ilikuonyesha uso wa mtu na machozi yake bila kuwasha chochote.

Nilipokuwa msichana bado, nilimuuliza kwa nini asinunue moja nzuri akamaliza. Alinitazama kama niliyemwambia ashone gauni na viatu kwa sindano moja.

"Sikiya, mwana," akaniambia. "Hii ya feti inavutaka kweli. Lenzi inatoka, inaenda yenyewe kutafuta bibi harusi mu bantu. Ile nyeusi inavuta kwa uongo, inakuza tu foto sawa vile bamama banaongeza maji mu supu."

"Sasa ju ya nini ulinunua nyeusi, papa?"

"Ju ku kilio flashi ni matusi. Muntu anatoka kupoteza mama yake, weye unamupiga mwanga mu macho? Nyeusi haisemake kintu. Inaangalia tu."

Kwa hiyo mwanzoni ilikuwa hesabu ya kazi, si jambo la mizimu. Mwanga mwingi kwenye sherehe, ambako nguo zinataka kung'aa. Mwanga mdogo kwenye msiba, ambako hakuna anayetaka kung'aa. Ila mtaa wetu haukubali hesabu ikae hesabu. Baada ya miaka miwili mitatu, hakuna mjamzito aliyepita mbele ya nyeusi bila kugeuka, na mama mmoja alimvuta mtoto wake sikio kwa sababu aliichekea. Papa Foto angeweza kuwaeleza. Hakuwaeleza. Nadhani alipenda jinsi watu walivyomnyamazia njiani.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi imetushika masikio, alitoka na nyeusi shingoni na koti lake jeusi juu yake. Alikuwa anaipeleka kuchajiwa kwenye kinu cha unga, ambako kuna jenereta. Hilo tu. Lakini mbele ya nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa amekohoa wiki nzima mpaka tukazoea, kamba ya kiatu ikafunguka. Papa Foto akainama kuifunga pale pale langoni, kichwa chini, kwa muda mrefu, maana mgongo ulikuwa unamsumbua.

Alipotoka kinuni baada ya saa moja, turubai la msiba lilikuwa limeshafungwa kwa yule mzee. Viti vya kanisa vimepangwa. Wanawake wameketi chini, wimbo wa pili unaendelea, na mimi, sioni haya kusema, nilikuwa nimeshapima mabega ya watu wanne kwa ajili ya sare. Hapo mzee wa reli akatokea uani, taulo begani, mswaki mdomoni, akautazama umati uliojaa kiwanjani kwake.

"Nani alikufwa?" akauliza.

Dada yake, aliyekuwa analia kuliko wote, akamwangalia juu mpaka chini na kumfokea, "Na weye ulikuwa wapi?"

Mzee hakukasirika. Aliomba chai, kwa kuwa chai ilikuwa imepikwa, akaketi kwenye kiti cha mbele alichowekewa padri, akataka apigwe picha na waombolezaji wake. "Haiko kila siku muntu anaonaka bantu benye batamulilia," alisema. Papa Foto akakimbia nyumbani kuleta ya feti, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akikimbia. Kwenye picha ile mzee anacheka, taulo begani, na nyuma yake watu arobaini wenye macho mekundu hawajui wafanye nini na mikono yao. Aliishi miaka mitatu zaidi. Alipokufa kweli, ndiyo picha iliyosimama karibu na jeneza.

Papa Foto aliipenda ile kuliko zote alizopiga, na sababu naijua. Mama yake mzazi alizikwa na sura ya kadi. Mtu akifa kwetu, familia hutafuta picha ya kukuza na kuiweka mbele ya wageni. Wasipoipata, huchukua kadi ya mpiga kura, na kuipeleka labo mjini ikakuzwe, na kinachorudi ni mtu aliyesimama mstari tangu alfajiri, ana njaa, ana jasho, ameambiwa asicheke. Papa Foto alikuwa amepiga picha za mtaa mzima, ila mama yake alikuwa anamwambia kila siku, kesho, kesho. Alisimama mbele ya ile kadi iliyokuzwa na kuona haya hadharani. "Mama yangu alikuwa na sura ya muntu banakamata na mukate ya jirani," aliniambia, na sikuthubutu kucheka.

Tangu hapo alituandama. Alikufuata sokoni, alikungoja nje ya misa. "Uko na foto ya kuacha?" Watu wenye afya zao walikasirika. Mama yangu alimfukuza mara mbili na mwiko. Mara ya tatu alimkuta anapepeta maharagwe, akampiga picha kabla hajajua, na mpaka leo hatuna nyingine ya kuishinda. Aliapa kwamba hakuna atakayeondoka kwenye avenyu yetu na sura ya kadi.

Yeye mwenyewe, lakini, alikuwa na kadi tu. Mke wake, Mama Foto, alilalamika mbele ya kila mtu. "Na weye je? Batoto betu batabakia na nini?" Papa Foto alijibu kwamba hajaona mtu wa kumkabidhi kamera, sisi sote tunakata vichwa. Hapo hakukosea sana. Niliwahi kumpiga picha mara moja kwa kujaribu, na nilipata kizibao tu, kuanzia kidevu.

Hakuwa mtu wa kukwambia cheka. Alikuuliza, "Jana ulikula nini?" Mtu akianza kukumbuka bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaanga, uso wake unafunguka wenyewe, na hapo kidole kinashuka. Swali lile lilifanya kazi miaka mingi. Halafu ukaja ule wakati bei ya shaba ilianguka.

Wageni wenye matanuru ya kuyeyushia shaba walifunga na kuondoka, wengine wakaacha hata nguo zao kwenye kamba. Wanaume waliozoea kutoka saa kumi na moja alfajiri na kofia ngumu wakaanza kuonekana mchana, wamekaa langoni, wakipewa na wake zao kazi ya kuchagua mawe kwenye mchele. Harusi ziliahirishwa. Nilikuwa na magauni matatu yamekatwa, hakuna wa kuyafuata. Lakini kwa Papa Foto mstari ulifika barabarani, maana kila aliyefukuzwa alihitaji picha nne za faili ya kuomba kazi kwingine.

Mtu wa kwanza alikaa kitini, tai nyekundu shingoni. Papa Foto akauliza, "Jana ulikula nini?" Yule mwanamume, baba mzima mwenye kifua cha mtu wa tanuru, akafungua mdomo, akaufunga, na machozi yakatoka. Papa Foto akashusha kamera. Akampaka poda upya, akasema, "Basi, siku utapata kazi, utakula nini?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa miezi yote ile, na mstarini watu walisikika wakijitayarisha: kuku, hapana, mbuzi.

Picha za faili alizipiga na ya feti, hakukubali vingine. Alisema hakuna bosi anayeajiri sura ya kilio. Matokeo yake, ofisi moja ilipokea faili nyingi kwa siku moja, zote za wanaume wanaotabasamu kama waliokula, zote na tai ile ile nyekundu, na karani akauliza hilo ni kanisa gani. Wawili waliajiriwa. Papa Foto alidai wote wawili ni kazi ya tai.

Kwa simu za watoto alikuwa na dharau tupu. "Simu inapigaka foto sawa vile muntu anapigaka miayo," alisema, "haipangi." Lakini nilimwona mimi mwenyewe, akidhani hakuna anayemwangalia, anaangalia picha za harusi ya mtu kwenye simu ya binti yake kwa nusu saa, akisogeza kwa kidole, akitikisa kichwa, akirudi nyuma kutazama tena.

Sasa niseme harusi yangu, maana nayo ilianguka ndani ya ule wakati.

Mchumba wangu alikuwa mtu wa tanuru. Tanuru lilifungwa wiki tatu kabla ya siku yetu. Ukoo wake ni wa zamani katika mji huu, walikuwa hapa kabla ya mashimo ya migodi, na shangazi yake mkubwa ndiye aliyekuwa akisema ndiyo na hapana. Tangu kufungwa kwa tanuru alikuwa anatafuta ishara. Panya akipita mlangoni, ishara. Chungu kikipasuka, ishara. Alitaka tuahirishe mpaka mambo yatengemae, na mimi nilijua kwamba kwa wakati ule kuahirisha kulikuwa kufuta. Nilimpenda yule mwanamume. Nilishona shela yangu mwezi mzima kwa mkono, na kila sindano nilikuwa naomba kusitokee kitu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha, na kanisani umeme haukuwepo. Papa Foto alichelewa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Shangazi alikuwa ameshageuka mara tatu kutazama mlango. Alipoingia na kamera ya fedha shingoni, inang'aa kuliko siku zote, nilisikia watu wakipumua. Hakumruhusu mtu aiguse. Alinuka rangi, nikadhani ni kwa sababu ya lango lake, alilokuwa amelipaka nusu tu juma lile na kuliacha. Shangazi alimuuliza mbona hakuna flashi.

"Inapumzika, mama," akajibu. "Leo bibi harusi njo flashi."

Shangazi alifurahi, mimi pia. Kisha Papa Foto akaja kunitengenezea shela, na alipotoa mkono niliona doa la kijivu linalometa, alama ya dole gumba zima, mbele kabisa, karibu na sikio. Nusura nimpige na maua. Mwezi mzima wa sindano! Shangazi akaliona, akalisogelea, akasema, "Bameweka na vitu vya kumetameta, njo muzuri hivi," nami nikameza hasira yangu.

Picha zilipotoka labo nilimsamehe. Hakuwahi kupiga nzuri kama zile. Hakuna macho mekundu, hakuna uso uliochomwa na mwanga. Mama yangu analia na unaona kwamba ni furaha. Mume wangu ananiangalia, na mpaka leo tukigombana naichukua ile picha nikamwekea mezani, nakwenda zangu jikoni.

Baada ya hapo Papa Foto aliacha sherehe. Hakueleza. Harusi, ubatizo, sikukuu ya kuzaliwa, jibu lilikuwa moja: "Feti nilishamaliza." Hata za faili alizipiga na nyeusi, akisema betri za redio zimekuwa za uongo siku hizi. Nilipozaa Deborah, mtoto wangu wa kwanza, nikamwomba aje kwenye ubatizo. Alikataa. Nilimkumbusha kwamba anamwona yule mtoto kila siku mgongoni mwangu. "Mupeleke kwa batoto ba simu," akasema, na hakuniangalia. Nilikasirika mwaka mzima. Nilisema popote palipokuwa na masikio kwamba Papa Foto amekuwa na majivuno, kwamba siku hizi anatutaka tukiwa tumekufa tu. Kisha akauza nyumba, akahamia Kasungami, nje ya mji, kulima, na lango jipya la jirani likaanza kutazamana na cherehani yangu.

Miaka ilipita. Siku moja Mama Foto alituma neno kwamba mumewe hali vizuri, na kwamba anauliza habari za mshonaji. Hasira yangu, niseme ukweli, ilishaisha zamani, iliyobaki ilikuwa mazoea. Nilichukua pikipiki ya kukodi, kilo tano za unga na samaki wakavu, nikaenda.

Nyumba ilikuwa ya matofali yasiyopigwa lipu, katikati ya viazi vitamu. Kitu kimoja tu kilikuwa kimepakwa rangi: lango, la fedha, linaonekana kutoka barabara kubwa. Papa Foto alikuwa ameketi juani na kizibao chake, mifuko imelegea, mtu amebaki mifupa na macho. Nilisalimia nikiangalia unga, nisimwonyeshe uso wangu.

"Mama Deborah," akasema, "ulikuja muzuri. Weye uko na mikono ya kushona, haitetemeke. Nataka foto ya kuacha. Leo."

Mama Foto aliniambia waziwazi, mumewe akisikia: daktari ameshasema, watoto wameuliza picha ya baba yao, na nyumba nzima kuna kadi ya mpiga kura tu. Mzee aliyewaokoa watu wote na ile sura alikuwa anakwenda kuzikwa nayo. Papa Foto akatoa mfukoni ile nyeusi na kuninyooshea.

"Hapana!" Mama Foto akasimama katikati yetu. "Hii ya kilio haitamuangalia bwana yangu akiwa muzima. Mu lupango yangu, mu kiwanja yangu? Hapana!"

Nikatoa simu yangu. Papa Foto akageuza uso ukutani, kama mtoto anayekataa dawa. Nikairudisha mkobani. Tulikaa hivyo, mke hataki nyeusi, mume hataki simu, na jua linahama kutoka usoni mwake.

"Na ile ya feti, papa?" nikauliza. "Iko wapi?"

Alimtuma mkewe chini ya kitanda, na Mama Foto akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kamera ya fedha. Nilifungua sehemu ya betri: maji ya betri yameshavuja na kukauka, kijani na nyeupe, yamekula kila kitu.

"Betri za uongo," akasema. "Niliacha mule ndani. Ilikufwa."

"Lini?"

Alikuna goti. "Siku ine mbele ya ndoa yako."

Nilifikiri hakunisikia vizuri. Nikamwambia, papa, wewe ulikuja na kamera ya fedha kanisani, mimi nilikuwepo, nilikuwa bibi harusi. Akaitazama nyeusi mkononi mwake, akatazama lango, akanitazama mimi, na polepole nikaanza kukumbuka harufu.

"Ulipaka," nikasema.

"Rangi ya portail, ile ya lango. Haikukauka muzuri, ile mvua."

"Foto zangu zote?"

"Zote. Na giza ile ya mu kanisa, ile ya feti ingekupatia bivuli tu. Kweli kabisa, mwana, nyeusi njo ilikuwaka ya muzuri ku ndoa, tangu mwanzo. Nilijua. Lakini shangazi ya bwana yako alikuwa anatafuta kisingizio. Ningeingia na nyeusi, ule siku hamungeoana."

Nikamwuliza Deborah je, ubatizo je. Alisema pesa za kununua nyingine hakuwa nazo, alidanganya mara moja kwa sababu ya harusi yangu, na mara ya pili hakuwa na moyo. Afadhali nimwite mwenye majivuno. Nilikaa pale na kopo la maziwa mapajani. Nilimsema vibaya mwaka mzima, sokoni, kanisani, kisimani, mtu aliyenipa mume wangu. Nililia, na sikujificha. Shela ninayo mpaka leo, na lile dole gumba halijawahi kutoka hata kwa sabuni ya majivu.

Mama Foto hakulia. Naye alikuwa hajui. Miaka yote aliamini mumewe alichoka tu kupaka lango. Alishika kiuno, akaanza kucheka taratibu, kisha kwa nguvu.

"Bale bakwe bote, na macho yabo, ilibadanganya?"

"Bote," Papa Foto akasema.

"Basi itadanganya na lufu. Ipake!"

Kifo kwa Kiswahili chetu ni lufu, na Mama Foto alilisema kama jina la shangazi mwingine tu wa kudanganywa. Alileta kopo la rangi lililobaki kwenye lango. Brashi ilikuwa imekauka, tukapaka kwa vidole, sisi watatu, Papa Foto akitufokea tusiguse lenzi, si hapo, pole pole, munaua kamera ya bantu. Alisahau kwamba anaumwa. Kabla rangi haijakauka alikuwa ameshaketi sawa, ameshanyoosha kizibao, na ananiamrisha: nyuma kidogo, inama, usikate kichwa, kumbuka nyeusi haivuti, miguu yako njo inavuta.

"Papa," nikamwambia, kamera ikiteleza mikononi mwangu, "jana ulikula nini?"

"Jana?" akasema. "Huyu mama alinipatia buji, uji tu, buji kila siku..." Akainua mkono amwonyeshe mshitakiwa, akaviona vidole vyake vyote vitano vinametameta juani. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Alituacha miezi miwili baadaye. Picha ilikuzwa ikawekwa kwenye kiti chake, mbele ya jeneza: mzee mkondefu amefungua mdomo kwa kicheko, mkono juu, vidole vya fedha. Kila aliyefika aliuliza kuhusu vile vidole. Mama Foto alijibu kwamba alikuwa anapaka portail.

Kamera aliniachia mimi. Mtu wa kupiga picha za kilio cha Papa Foto hakuwepo mwingine, kwa hiyo nilisimama langoni nayo shingoni, rangi imeshabanduka, upande mmoja wa fedha na upande mwingine mweusi. Watu wa avenyu yetu walifika kwenye lori moja. Walishuka mmoja mmoja, wakaangalia shingo yangu kama walivyozoea, na wakabaki wamesimama pale, hawajui walie au waulizane watavaa nini.